Sheria ni Msumeno: Thailand na Majirani Zake Katika Safari ya Utawala wa Sheria

Na Mwandishi Wetu

Tarehe 29 Agosti, 2025 majaji 9 wa Mahakama ya Katiba ya Thailand walitoa uamuzi uliokuwa ukisubiriwa na taifa zima. Kwa kura 6 dhidi ya 3, Mahakama hiyo ilimwondoa madarakani Waziri Mkuu Paetongtarn Shinawatra, aliyekuwa ameshika wadhifa huo kwa takriban mwaka mmoja. Hakutuhumiwa kwa wizi wala kwa kupokea rushwa. Shauri lake lilitokana na mazungumzo ya simu aliyoyafanya mwezi Juni mwaka huo na Hun Sen, Rais wa Seneti ya Kambodia, wakati nchi hizo mbili zikiwa katika mgogoro wa mpaka. Katika mazungumzo hayo, ambayo baadaye yalivuja hadharani, Waziri Mkuu alimwita Hun Sen "mjomba" na kumzungumzia kamanda mmoja wa jeshi la nchi yake kama mtu wa upande wa upinzani. Majaji walio wengi waliona kuwa amekiuka maadili ya uongozi.

Mwananchi anayefuatilia habari za kimataifa anaweza kuipokea habari hiyo kwa namna mbili. Yupo atakayesema kwamba huo ndio utawala wa sheria, kwani hata Waziri Mkuu ameshindwa kukwepa mkono wa Mahakama. Yupo pia atakayeuliza inakuwaje watu 9 wasiopigiwa kura na yeyote wamwondoe kiongozi aliyetokana na Bunge lililochaguliwa na mamilioni ya wananchi. Maoni hayo mawili yana hoja ndani yake. Makala haya yanaeleza historia iliyo nyuma ya habari hiyo, ili msomaji apate msingi wa kuipima mwenyewe, na apate pia kupima habari nyingine za aina hiyo zitakazomfikia.

Maana ya maneno matatu

Demokrasia, utawala bora na utawala wa sheria ni maneno ambayo aghalabu hutajwa pamoja, lakini kila moja lina maana yake. Demokrasia inahusu chanzo cha mamlaka. Wananchi ndio wenye haki ya kuwaweka viongozi madarakani na kuwaondoa kwa amani. Utawala bora unahusu namna mamlaka hayo yanavyotumika, kwa uwazi, kwa uwajibikaji na kwa kuwashirikisha wananchi. Utawala wa sheria unahusu mipaka ya mamlaka. Mtawala na mtawaliwa wote huwa chini ya sheria iliyotungwa na kutangazwa kabla ya kosa kutendeka, inayotumika kwa wote kwa usawa, na inayotafsiriwa na chombo kilicho huru.

Wahenga wetu walilifupisha jambo hilo waliposema kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja tu hauwezi kuitwa utawala wa sheria hata kama unashikwa na hakimu aliyevaa joho. Hapo sheria inakuwa fimbo ya aliye na nguvu dhidi ya asiye nayo. Historia ya Thailand kwa sehemu kubwa ni historia ya mvutano juu ya swali hilo.

Katiba 20 katika miaka 85

Tarehe 24 Juni, 1932 kundi la maofisa wa jeshi na watumishi wa umma, wengi wao wakiwa wamesoma Ulaya, liliukomesha utawala wa kifalme usio na mipaka katika nchi ambayo wakati huo iliitwa Siam. Mfalme Prajadhipok alikubali kuwa mfalme chini ya katiba, na tarehe 10 Desemba mwaka huo katiba ya kudumu ikatangazwa. Tangu hapo Thailand imekuwa na hati za katiba 20, ukihesabu za muda na za kudumu. Ya mwisho ni ile iliyotangazwa tarehe 6 Aprili, 2017.

Idadi hiyo inaeleweka zaidi msomaji anapofahamu kuwa katika kipindi hicho jeshi limetwaa madaraka zaidi ya mara 10. Utaratibu ulizoeleka. Jeshi linachukua serikali, linafuta katiba iliyopo, linatoa katiba ya muda, linaandika nyingine ya kudumu, kisha linaitisha uchaguzi. Baada ya miaka kadhaa mzunguko unaanza upya.

Jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini ni namna sheria ilivyotumika ndani ya mzunguko huo. Tangu miaka ya 1950 mahakama za nchi hiyo zimekuwa zikitambua amri za waliofanikiwa kupindua serikali kuwa ni sheria halali. Katiba za muda nazo zimekuwa zikiweka kifungu kinachowasamehe wahusika. Baada ya mapinduzi ya tarehe 22 Mei, 2014, kwa mfano, Ibara ya 44 ya katiba ya muda ilimpa kiongozi wa mapinduzi, Jenerali Prayut Chan-o-cha, uwezo wa kutoa amri yoyote na ikahesabika kuwa halali. Ibara ya 48 ikawasamehe waliohusika na mapinduzi. Katiba ya mwaka 2017 nayo, katika Ibara ya 279, ikathibitisha uhalali wa amri zilizotolewa katika kipindi hicho.

Kwa maneno mengine, kila kitu kilikuwa na karatasi yake, namba yake na muhuri wake. Kilichokosekana ni sharti kwamba anayetunga sheria naye awe amefungwa nayo.

Matumaini ya mwaka 1997

Si haki kuieleza Thailand kana kwamba ni nchi ya mapinduzi pekee. Wananchi wake wamejitokeza mara nyingi kudai katiba, na baadhi yao wamelipa kwa uhai wao. Oktoba 1973 wanafunzi na wananchi waliiangusha serikali ya kijeshi kwa maandamano. Oktoba 1976 wanafunzi waliuawa ndani ya Chuo Kikuu cha Thammasat. Mei 1992 damu ilimwagika tena Bangkok baada ya Jenerali Suchinda Kraprayoon kushika uwaziri mkuu bila ya kuwa mbunge wa kuchaguliwa.

Kutokana na machungu hayo ilizaliwa Katiba ya mwaka 1997, ambayo Wathai wengi waliiita Katiba ya Wananchi. Iliandaliwa na baraza la watu 99, ambapo 76 walitoka katika mikoa yote na 23 walikuwa wataalamu. Kwa mara ya kwanza Seneti ilichaguliwa kwa kura za wananchi. Vikaundwa vyombo huru vya kusimamia dola, ikiwemo Mahakama ya Katiba, Tume ya Uchaguzi na tume ya kupambana na rushwa.

Nia ilikuwa njema. Waandishi wa katiba hiyo walitaka serikali zenye nguvu ya kutekeleza ahadi zao, zikisimamiwa na vyombo vyenye nguvu ya kuzizuia zisivuke mipaka. Mtihani wa kwanza haukuchelewa kufika.

Kura nyingi na mipaka ya mamlaka

Januari 2001 mfanyabiashara wa mawasiliano, Thaksin Shinawatra, alishinda uchaguzi kwa kishindo. Serikali yake ilianzisha mpango uliomwezesha mwananchi kutibiwa hospitalini kwa kulipa baht 30 tu kwa kila ziara, na kwa wakulima wa kaskazini na kaskazini mashariki hilo lilikuwa jambo la kihistoria. Kwa mara ya kwanza waliona kura yao imewaletea kitu nyumbani. Mwaka 2005 alishinda tena, safari hii kwa wingi mkubwa zaidi wa viti.

Hata hivyo, serikali hiyo yenye uhalali wa kura ilikuwa na upande mwingine. Katika vita dhidi ya dawa za kulevya iliyoanza Februari 2003, watu zaidi ya 2,000 waliuawa ndani ya miezi michache bila ya kufikishwa mahakamani. Wakosoaji walilalamika kuwa vyombo huru vinaingiliwa. Mapema mwaka 2006 familia ya Waziri Mkuu iliuza hisa zake kwa zaidi ya baht bilioni 70 bila kulipa kodi, na hasira za wakazi wa mijini zikapanda.

Hapa pana fundisho la kwanza. Kushinda uchaguzi humpa kiongozi haki ya kutawala, wala hakumpi ruhusa ya kuua bila hukumu. Lakini fundisho la pili lilifuata mara moja. Tarehe 19 Septemba, 2006, Thaksin akiwa New York kwa shughuli za Umoja wa Mataifa, jeshi lilitwaa madaraka na kuifuta Katiba ya mwaka 1997. Aliyetuhumiwa kuvuka mipaka ya katiba aliondolewa kwa kuibomoa katiba yenyewe, na chombo ambacho kingeweza kumhukumu kwa haki kikavunjwa pamoja naye.

Majaji waingia ulingoni

Tangu hapo uwanja wa siasa ulihamia mahakamani. Mei 2007 jopo la majaji lililoundwa baada ya mapinduzi lilikifuta chama cha Thai Rak Thai na kuwazuia viongozi wake 111 kushiriki siasa kwa miaka 5. Adhabu hiyo ya kuwazuia ilitokana na amri ya waliopindua serikali, iliyotolewa baada ya makosa yaliyodaiwa kutendeka. Kanuni ya kwamba sheria ya adhabu haipaswi kurejea nyuma iliwekwa kando.

Mwaka 2008 Waziri Mkuu Samak Sundaravej aliondolewa kwa sababu alilipwa kwa kuendesha kipindi cha mapishi katika televisheni. Katiba ilimkataza Waziri Mkuu kuwa mwajiriwa wa kampuni binafsi, na Mahakama ilirejea maana ya kamusi ya neno "mwajiriwa" ili kumtia hatiani. Desemba mwaka huohuo chama chake kikafutwa, na mrithi wake, Somchai Wongsawat, akapoteza wadhifa. Mei 2014 ikawa zamu ya Yingluck Shinawatra, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo, kwa kosa la kumhamisha ofisa mwandamizi wa usalama wa taifa kinyume cha sheria. Wiki mbili baadaye jeshi likapindua serikali.

Mahakama hiyo imewahi pia kufuta uchaguzi mkuu mara mbili, mwaka 2006 na mwaka 2014. Katika uchaguzi wa mwaka 2006, miongoni mwa hoja zilizojadiliwa ni namna vibanda vya kupigia kura vilivyopangwa, kwamba wapiga kura waliwapa wengine migongo na siri ya kura ikawa hatarini. Mwaka 2014 sababu ilikuwa kwamba upigaji kura haukufanyika nchi nzima kwa siku moja, kwani waandamanaji waliokuwa wakiupinga uchaguzi walizuia majimbo 28 yasipate wagombea.

Ukisoma kila uamuzi peke yake, unaweza kukuta kifungu cha sheria kinachouunga mkono. Ukiisoma yote kwa pamoja, unaona kuwa kwa miaka mingi ilielekea kuukata upande mmoja wa siasa. Hapo ndipo wananchi wengi walipoanza kuiona Mahakama kama mchezaji mwingine uwanjani, aliyevaa mavazi ya mwamuzi.

Katiba ya 2017 na kura milioni 14

Katiba ya sasa ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 7 Agosti, 2016, katika mazingira ambayo kampeni za kuipinga zilibanwa vikali. Kipengele chake kilichozua mjadala mkubwa kilikuwa cha mpito. Kwa miaka 5 ya mwanzo, maseneta 250 walioteuliwa chini ya utawala wa kijeshi wangepiga kura pamoja na wabunge 500 kumchagua Waziri Mkuu. Mshindi alihitaji zaidi ya nusu ya kura zote 750. Ili aliyechaguliwa na wananchi afike hapo bila ya maseneta, alipaswa kuwa na wabunge 376 kati ya 500.

Madhara ya hesabu hiyo yalionekana wazi mwaka 2023. Katika uchaguzi wa tarehe 14 Mei, chama cha Move Forward kilipata kura zaidi ya milioni 14 na viti 151, kikawa cha kwanza. Chama cha Pheu Thai kilifuata kwa viti 141. Muungano wa vyama 8 ukamsimamisha Pita Limjaroenrat. Tarehe 13 Julai alipata kura 324. Maseneta waliomuunga mkono walikuwa 13 tu. Akakosa kiti. Mwezi uliofuata Pheu Thai kiliungana na vyama vilivyokuwa karibu na jeshi, na Srettha Thavisin akawa Waziri Mkuu. Siku hiyohiyo, tarehe 22 Agosti, 2023, Thaksin alirejea nchini baada ya miaka 15 uhamishoni.

Agosti 2024 ilishuhudia maamuzi mawili ndani ya wiki moja. Tarehe 7 Mahakama ya Katiba ilikifuta Move Forward na kuwazuia viongozi wake 11 kwa miaka 10, ikieleza kuwa kampeni yake ya kurekebisha sheria ya kumkashifu Mfalme ni jaribio la kuuangusha mfumo wa utawala. Sheria hiyo, Kifungu cha 112 cha Sheria ya Makosa ya Jinai, ina adhabu ya kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa. Tarehe 14 Mahakama hiyohiyo ilimwondoa Srettha, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwa kumteua waziri aliyewahi kufungwa kwa kosa la kuidharau Mahakama.

Aliyemrithi ni Paetongtarn, binti wa Thaksin, ambaye habari yake imeyafungua makala haya. Kwa kuondolewa kwake akawa Waziri Mkuu wa 5 kuondolewa na Mahakama hiyo tangu mwaka 2008. Tarehe 5 Septemba, 2025 Bunge lilimchagua Anutin Charnvirakul, akiungwa mkono na chama kilichorithi Move Forward kwa sharti la kuvunja Bunge ndani ya miezi 4 na kufungua njia ya katiba mpya. Siku 4 baadaye Mahakama ya Juu iliamuru Thaksin atumikie kifungo cha mwaka 1, baada ya kuona kuwa kukaa kwake hospitalini hakukuhesabika kuwa kifungo.

Ambao msumeno haukuwagusa

Msomaji anaweza kudhani kuwa mambo haya ni ya wakubwa pekee. Familia za Tak Bai zina jibu lingine.

Tarehe 25 Oktoba, 2004, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani, wananchi walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Tak Bai katika mkoa wa Narathiwat, kusini mwa Thailand, ambako wakazi wengi ni Waislamu wenye asili ya Kimalay. Walidai kuachiwa kwa wenzao waliokuwa wamekamatwa. Watu 7 walipigwa risasi na kufa. Mamia walikamatwa, wakafungwa mikono nyuma na kulazwa kwa kupandana ndani ya malori ya jeshi. Wakati malori hayo yanafika katika kambi ya kijeshi, watu 78 walikuwa wamekufa, wengi wao kwa kukosa hewa.

Uchunguzi ulifanyika na fidia ikalipwa, lakini kwa miaka mingi hakuna ofisa aliyefikishwa mahakamani. Mwaka 2024 familia zenyewe zilifungua kesi, na mahakama ya mkoa ikaipokea dhidi ya maofisa 7 wa zamani. Hati za kukamatwa zilitolewa. Hakuna hata mmoja aliyetokea. Tarehe 25 Oktoba, 2024 miaka 20 ilitimia, ukomo wa muda wa mashtaka ukafika, na kesi ikafa. Serikali iliomba radhi.

Nchi ileile iliyoweza kumwondoa Waziri Mkuu kwa kipindi cha mapishi ilishindwa katika miaka 20 kumfikisha kizimbani mtu mmoja kwa vifo vya watu 85. Pengo hilo linaeleza haja ya utawala wa sheria kuliko kitabu chochote cha nadharia. Mwananchi wa kawaida hapimi sheria kwa idadi ya mawaziri wakuu walioanguka. Huipima kwa siku ile anapokwenda mahakamani na jina la marehemu wake.

Majirani: Myanmar, Kambodia na Malaysia

Nchi zinazopakana na Thailand zinaonesha njia tofauti ambazo mataifa yamepita. Laos imekuwa chini ya chama kimoja tangu mwaka 1975. Nyingine tatu zinahitaji maelezo marefu kidogo.

Nchini Myanmar, Katiba ya mwaka 2008 ililipa jeshi robo ya viti vyote bungeni na wizara tatu nyeti, za ulinzi, mambo ya ndani na mipaka. Mabadiliko ya katiba yakawekewa sharti la zaidi ya asilimia 75 ya kura, hivyo jeshi likabaki na kura ya turufu. Hata kinga hiyo haikutosha. Chama cha Aung San Suu Kyi kiliposhinda uchaguzi wa Novemba 2020, jeshi lilidai kulikuwa na udanganyifu, dai ambalo Tume ya Uchaguzi ililikataa. Tarehe 1 Februari, 2021, siku Bunge jipya lilipotakiwa kuketi, jeshi likapindua serikali. Jumuiya ya nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, ASEAN, ilikubaliana mambo matano ya kurejesha amani Aprili mwaka huo, lakini vita vya ndani viliendelea na watu wengi wakakimbia makazi yao, baadhi wakivuka mpaka kuingia Thailand.

Kambodia ilipata nafasi adimu. Baada ya Mkataba wa Amani wa Paris wa tarehe 23 Oktoba, 1991, Umoja wa Mataifa ulisimamia uchaguzi wa mwaka 1993, na takriban wapiga kura 9 katika kila 10 walioandikishwa walijitokeza. Katiba ikatambua vyama vingi. Lakini Novemba 2017 Mahakama ya Juu ilikifuta chama kikuu cha upinzani, kilichokuwa kimeshinda viti 55 kati ya 123 miaka 4 kabla. Mwaka 2018 chama tawala kikachukua viti vyote 125. Agosti 2023 Hun Sen, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1985, alimwachia kiti mwanawe Hun Manet. Katiba haikufutwa, ila ushindani uliotakiwa kuipa uhai ulitoweka.

Malaysia inatoa mfano wa namna nyingine. Tarehe 9 Mei, 2018 muungano uliotawala tangu uhuru wa mwaka 1957 ulishindwa katika uchaguzi na kukabidhi madaraka bila risasi kulia. Waziri Mkuu wa zamani, Najib Razak, alishtakiwa kuhusiana na kashfa ya mfuko wa maendeleo wa 1MDB, na Julai 2020 alihukumiwa kifungo cha miaka 12. Mahakama ya Juu ilipothibitisha hukumu hiyo tarehe 23 Agosti, 2022 na akapelekwa gerezani, Waziri Mkuu aliyekuwa madarakani alikuwa wa chama cha Najib mwenyewe. Hapo msumeno ulikata upande wa mwenye nao. Ni kweli kuwa mwaka 2024 kifungo chake kilipunguzwa kwa nusu na Bodi ya Msamaha, jambo lililozua mjadala. Hata hivyo, hukumu ilitolewa na kutekelezwa.

Malaysia ilijifunza pia kutokana na udhaifu wake. Serikali iliyochaguliwa mwaka 2018 ilianguka Februari 2020 baada ya wabunge kuhama upande. Mwaka 2022 Bunge, kwa ushirikiano wa serikali na upinzani, lilirekebisha katiba ili mbunge anayehama chama apoteze kiti. Tatizo la siasa lilitatuliwa ndani ya katiba, bila ya kuihitaji kambi ya jeshi.

Sheria kati ya mataifa

Utawala wa sheria hauishii ndani ya mipaka. Thailand na Kambodia zimegombania eneo la hekalu la kale la Preah Vihear kwa miongo mingi. Mwaka 1959 Kambodia ililipeleka shauri hilo katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Tarehe 15 Juni, 1962 Mahakama iliamua, kwa kura 9 dhidi ya 3, kuwa hekalu liko ndani ya Kambodia. Thailand haikuufurahia uamuzi huo, lakini iliondoa askari wake. Novemba 2013 Mahakama hiyo ilitoa ufafanuzi kuhusu ardhi inayolizunguka hekalu.

Maeneo mengine ya mpaka yalibaki bila ya kukubaliwa. Julai 2025 mapigano yalizuka kwa siku 5, mamia ya maelfu ya wananchi wa pande zote wakayahama makazi yao, hadi usitishaji wa mapigano ulipofikiwa nchini Malaysia tarehe 28 Julai. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Simu iliyomgharimu Paetongtarn wadhifa wake ilipigwa katika mgogoro huo. Mpaka usiowekwa wazi kwa sheria uliwagharimu wanavijiji makazi yao, na serikali nzima ikaanguka.

Namna ya kuzipima habari za aina hii

Historia hii inampa mwananchi maswali machache ya kujiuliza kila anaposoma kuwa mahakama, katika nchi yoyote, imemwondoa kiongozi, imefuta chama au imebatilisha uchaguzi.

Swali la kwanza ni kama sheria iliyotumika ilikuwepo na kufahamika kabla ya tendo kufanyika. La pili ni nani aliwateua wanaoamua, na kama walioteua wana maslahi katika shauri. La tatu ni kama mtuhumiwa alipata nafasi ya kujitetea na kama sababu za uamuzi zimetolewa hadharani. La nne ni kama adhabu inalingana na kosa, kwani kumwadhibu kiongozi mmoja ni tofauti na kufuta chaguo la wapiga kura milioni 14. La tano, ambalo ni zito kuliko yote, ni kama sheria hiyohiyo ingetumika vilevile endapo aliyekosea angekuwa wa upande wa pili.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya maamuzi yaliyosimuliwa hapa yatapita na mengine yatakwama. Kiongozi kuwajibishwa ni jambo jema, na vyombo huru ni nguzo ya taifa lolote. Lakini uhuru wa chombo una pande mbili. Kiwe huru dhidi ya serikali iliyopo, na kiwe huru vilevile dhidi ya aliyekiunda.

Wathai wenyewe hawajakata tamaa. Katika uchaguzi wa mwaka 2023 takriban robo tatu ya wapiga kura walijitokeza, licha ya kufahamu kuwa maseneta 250 walikuwa na neno lao. Walipanga foleni, wakatumbukiza karatasi zao na kurejea nyumbani kusubiri. Deni la utawala wa sheria kwa watu hao ni kwamba kura yao ihesabiwe, iheshimiwe, na yule waliyempa madaraka awajibike kwa sheria ileile inayowahukumu wao.